Nchi Isiyokuwa na Mfalme: Watu, Udongo na Mifugo katika Nyanda za Juu za Mbulu

Vitabu vya historia vinavyosomwa katika shule zetu za sekondari hueleza kwa kirefu habari za falme za Afrika Mashariki. Mwanafunzi husoma juu ya Buganda na Kabaka wake, Karagwe, Rwanda, na Usambara katika enzi za Kimweri ye Nyumbai. Kutokana na masomo hayo ni rahisi kuamini kwamba mahali popote palipokuwa na watu wengi, mashamba yaliyotunzwa vizuri na amani baina ya majirani, hapana budi palikuwa na mfalme, ngoma ya enzi na watu wa kukusanya kodi.

Iko nchi ndogo katika Tanzania inayotulazimisha kuifikiri upya imani hiyo. Wenyewe huiita Irqwar Da'aw, yaani Iraqw ya Mashariki. Wageni wengi wameizoea kwa jina la Mama Isara, au kwa jina la Kainam, mojawapo ya sehemu zake. Imo katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, juu kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo, kwa vizazi vingi, watu wengi waliishi katika eneo dogo lenye miteremko mikali, wakalima shamba lile lile mwaka hata mwaka, wala udongo wao haukwisha. Hawakuwa na mfalme.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, na kwa nini elimu hiyo ina thamani kwetu leo, wakati ambapo ardhi tupu ya kuhamia inazidi kuwa haba.

Mahali penyewe

Mtu akisimama ukingoni mwa ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Kainam, huliona Ziwa Manyara likimetameta chini yake, katika mwinuko wa meta 960 hivi juu ya usawa wa bahari. Yeye mwenyewe yu katika mwinuko wa karibu meta 2,000. Chini kule ni joto na ukavu. Hapa juu ni baridi, na asubuhi nyingi ukungu hufunika vilima. Misitu ya Nou na Marang iliyo katika nyanda hizi huhifadhi maji ya vijito vinavyonywesha vijiji na mashamba.

Vilima vya Irqwar Da'aw vimekaribiana, na kati yake mna mabonde membamba yenye unyevu hata wakati wa kiangazi. Kwa macho ya mkulima, nchi hii ina sehemu tatu: kilele cha kilima, ambacho ni cha malisho, mteremko, ambao ni wa nyumba na mashamba, na bonde, ambalo hutoa viazi vitamu, majani na maji. Kaya iliyopata sehemu zote tatu ilikuwa na kinga dhidi ya njaa. Mvua zikipungua, bonde lilibaki na unyevu. Zikizidi, mteremko ulitoa mazao.

Kusini zaidi ardhi huteremka kuelekea Wilaya ya Hanang, penye tambarare pana za Basotu na Mlima Hanang, volkano ya kale yenye kimo cha zaidi ya meta 3,400. Tambarare hizo kwa muda mrefu zilikuwa za wafugaji Wabarabaig, mojawapo ya makundi ya Wadatoga.

Watu na lugha zao

Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, husema lugha ya jamii ya Kikushi, ndugu ya Kigorwa, Kialagwa na Kiburunge. Jirani zao Wadatoga husema lugha ya Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Wambugwe husema lugha za Kibantu. Karibu na Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kualika kwa ulimi na haijathibitika kuwa na ndugu yeyote. Ni sehemu chache sana za Afrika ambamo mwanafunzi wa lugha anaweza kutembea siku chache tu na kukutana na aina nyingi za lugha kama hapa.

Masimulizi ya wazee hueleza kwamba mababu wa Wairaqw walitoka Ma'angwatay, upande wa Kondoa, wakakimbia baada ya kushindwa vitani na Wadatoga, na kwamba baada ya safari ndefu wakaingia katika vilima vya Irqwar Da'aw. Lakini masimulizi ya koo mojamoja yana habari nyingine ya kutafakari. Koo nyingi hukiri kwamba mababu zao walikuwa wageni: wengine walikuwa Wadatoga, wengine Waalagwa, wengine watu wa makabila ya Kibantu. Watu walioingia nchini kwa amani, wakakubali desturi zake na kupewa mahali pa kujenga, walihesabiwa kuwa Wairaqw, na watoto wao hawakuulizwa asili yao.

Hivyo wingi wa watu wa nchi hii ulitokana na uzazi na pia na watu waliopokelewa. Tutaona kwamba jambo hilo lina uhusiano na namna nchi ilivyotawaliwa.

Nani aliyetawala?

Msingi wa utawala wa Wairaqw ulikuwa aya. Neno hilo katika lugha yao lina maana ya nchi, yaani eneo lenye mipaka inayojulikana: kijito, mgongo wa kilima au ukingo wa msitu. Watu wa aya moja walikuwa wa koo mbalimbali. Kilichowaunganisha kilikuwa ujirani, kwa maana wote walitegemea maji yale yale, malisho yale yale na mvua ile ile. Mtaalamu wa elimu ya jamii Robert Thornton, ambaye kitabu chake juu ya Wairaqw kilitolewa mwaka 1980, alionyesha kwamba jamii hii hujipanga zaidi kwa mahali kuliko kwa damu.

Kila aya ilikuwa na kahamusmo, yaani msemaji. Cheo chenyewe kinaeleza kazi yake: alisema yale ambayo wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana. Hakuwa na askari wala ghala la kodi. Mambo mazito yaliamuliwa katika baraza la wazee, na baraza halikuvunjika mpaka maneno yamekuwa mamoja. Wazee walifunga mkutano kwa slufay, sala ya baraka ambayo mzee mmoja huitamka na wengine wakaitikia. Wanawake nao walikuwa na baraza lao, na wanaume waliiogopa laana yake.

Juu ya aya zote walikuwapo waganga wakuu wa ukoo wa Manda, walioitwa qwaslare. Waliendewa kwa ajili ya mvua, maradhi, wadudu waharibifu na hatari za vita, nao wakaagiza dawa na matambiko. Mganga aliagiza, aliyetekeleza ni aya yenyewe kupitia kwa wazee wake. Mganga ambaye dawa yake haikufaa angeweza kupoteza heshima na wateja. Huyu basi hakuwa mfalme, ingawa wageni kadhaa walidhani hivyo.

Aliyekaidi baraza alifanywa nini, ikiwa hapakuwa na askari wala gereza? Adhabu kubwa ilikuwa kutengwa. Jirani hakumsaidia kulima, hakumwazima moto, hakumzikia. Katika nchi ya baridi na miteremko, ambamo nyumba haijengwi na mtu mmoja, kutengwa kulikuwa adhabu nzito kuliko kifungo.

Si haki kuipamba jamii hii kupita kiasi. Desturi ya metimani ilimweka mtu kando na wenzake baada ya misiba fulani, na kwa upande wa maradhi ya kuambukiza iliweza kufanya kazi kama karantini. Lakini desturi hiyo hiyo ilimwangukia vibaya msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa: alifukuzwa nyumbani na kuzaa mbali na watu wake. Utaratibu usio na mfalme nao ulikuwa na wanyonge wake.

Jinsi udongo ulivyolishwa

Tuje sasa kwenye uchumi. Kila mwanafunzi wa kilimo anafahamu kwamba zao linapovunwa huondoka na sehemu ya rutuba ya udongo, hasa naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Mahali penye ardhi tele mkulima hulima kwa miaka michache, kisha huliacha shamba lipumzike miaka mingi. Irqwar Da'aw hapakuwa na nafasi hiyo. Ilibidi rutuba irudishwe kila mwaka kwa mikono.

Mashine ya kurudisha rutuba ilikuwa ng'ombe. Mchana ng'ombe, mbuzi na kondoo walichungwa vilimani katika malisho ya wote. Jioni walirudi na kulala ndani ya nyumba pamoja na wenye nyumba. Asubuhi samadi iliondolewa na kutandazwa shambani. Tukiutazama mzunguko huo kwa jicho la sayansi, tunaona kwamba mnyama alikuwa akihamisha madini ya udongo kutoka kilele cha kilima kisicholimwa na kuyaleta katika shamba lililo karibu na mlango. Ng'ombe aliyekufa alikuwa hasara ya maziwa na pia hasara ya mavuno ya mwaka uliofuata.

Hatari ya pili ilikuwa maji ya mvua. Maji yanayoteremka kwa kasi hubeba udongo mwingi kuliko yanayoteremka polepole. Na kasi ikiongezeka mara mbili, uwezo wa kubeba udongo huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa sababu hiyo wakulima walipanga matuta yao yakingame mteremko, wakaacha kamba za majani katika mipaka ya mashamba, na wakayafukia magugu badala ya kuyachoma. Majani ya mpakani yalifanya kazi tatu: yalipunguza mwendo wa maji, yalinasa udongo uliochukuliwa, na yalikatwa kuwa chakula cha mifugo. Udongo ulionaswa uliinua ukingo wa shamba mwaka baada ya mwaka, mpaka mteremko ukaanza kuchukua sura ya ngazi bila mtu kukusudia kujenga ngazi. Mabondeni walichimba mifereji ya kutoa maji, wakapata mashamba ya viazi vitamu.

Mazao ya zamani yalikuwa mtama, ulezi, maharage na viazi vitamu. Baadaye mahindi yakashika nafasi kubwa. Kupanda mazao ya aina nyingi, kila moja mahali pake na kwa wakati wake, kulipunguza hatari ya kukosa vyote kwa pamoja.

Tena palikuwa na desturi ya kukopeshana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi aliwaweka wengine kwa rafiki au jamaa anayekaa mbali. Aliyewatunza alipata maziwa na samadi. Mwenyewe alipata uhakika kwamba ugonjwa au ukame wa mahali pamoja hautamaliza mali yake yote. Fukara asiye na ng'ombe hata mmoja aliweza hivyo kuwa na samadi ya shamba lake. Tajiri naye alipata watu wenye deni la heshima kwake. Benki haikuwako, lakini akiba, bima na mkopo vilikuwako.

Mabishano ya wataalamu

Kwa nini watu walikubali kazi nzito namna hii? Hapa wataalamu hawakubaliani, na mabishano yao ni somo zuri kwa darasa.

Maelezo ya kwanza ni ya kuzingirwa. Katika karne ya 19 Wamasai walitawala tambarare zilizo chini ya vilima, na kushuka huko kulikuwa hatari. Wairaqw walijenga tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, zenye paa la udongo, hata kwa mbali adui asingeweza kuzitambua. Kwa maelezo haya, watu walibanwa juu, wakaongezeka, na njaa ikawafundisha kulima kwa bidii. Fikra hii inapatana na ile ya Ester Boserup, aliyeandika mwaka 1965 kwamba kuongezeka kwa watu huwasukuma wakulima kubuni njia bora. Inapingana na hofu ya Thomas Malthus, aliyesema mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula.

Maelezo ya pili yametolewa na mwanajiografia Lowe Börjeson katika utafiti wake wa mwaka 2004 juu ya nyanda hizi. Yeye huona kwamba kuzingirwa peke yake hakutoshi kueleza mambo. Kazi ndogondogo za kila siku, kama kutandaza samadi, kufukia magugu na kuacha ukingo wa majani, ziliufanya udongo kuwa bora kidogo kila mwaka. Shamba lililoboreshwa ni mali, na mtu haachi mali yake kwa urahisi. Basi huenda watu walibaki vilimani kwa sababu ardhi yao ilikuwa imekwisha kuwa nzuri kwa jasho lao, na uzuri huo ukawavuta wengine.

Kwa ulinganisho, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Ziwa Manyara, yapo magofu ya Engaruka: kuta za mawe, mashamba ya ngazi na mifereji ya maji ya watu walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, kisha wakatoweka. Wao walitegemea mito michache inayotoka milimani. Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, na nchi ya Wamatengo huko Mbinga pamoja na mashimo yao ya ngoro, ni mifano mingine ya watu wa Tanzania waliolima kwa ustadi katika eneo dogo. Kilimo cha namna hiyo hakikuwa cha kabila moja wala hakikungoja amri ya mfalme.

Machifu wa serikali

Wajerumani, na baada yao Waingereza, walipoingia Mbulu walitafuta mtawala wa kuzungumza naye. Sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilitaka kila nchi iwe na chifu anayetambuliwa, mwenye mahakama na hazina. Jamii iliyozoea msemaji ikapewa mtawala.

Kazi ya machifu hao ilikuwa ngumu, maana walipaswa kupeleka amri za serikali kwa watu ambao hawakuzoea amri. Mfano mkubwa ni mpango wa maendeleo wa Mbulu, uliotekelezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Maofisa waliona makorongo na malisho yaliyochakaa, wakaamua kwamba ng'ombe wamezidi. Wakulima waliagizwa kuuza sehemu ya mifugo yao. Kwa upande wa malisho, hesabu hiyo ilikuwa na maana. Lakini tumekwisha kuona kwamba ng'ombe alikuwa chanzo cha samadi na kiungo cha undugu. Kumpunguza bila kuweka kitu mahali pake kulikuwa kama kuondoa nguzo katika tembe. Upande mwingine wa mpango ulipokewa kwa furaha zaidi: kufyeka vichaka vyenye mbung'o, ili watu na mifugo wapate ardhi mpya.

Tabia ya kale ya nchi ilijidhihirisha mwaka 1960. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka huo, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. TANU ilikuwa imemteua Chifu Amri Dodo; wapiga kura wakamchagua Herman Elias Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwanachama wa TANU lakini alisimama kama mgombea binafsi. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU wala uhuru. Walichokionyesha ni kwamba mtu wa kuwasemea hutakiwa kukubaliwa nao kwanza. Mwaka 1963 cheo cha uchifu kilifutwa nchini kote.

Mlango wa kutokea

Mpaka hapa tumeieleza Irqwar Da'aw kana kwamba ilijitosheleza. Ukweli ni kwamba ilikuwa na mlango wa kutokea, na kwa muda wa karne nzima mlango huo ulikuwa wazi.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki, na ndui ikafuata. Wamasai walidhoofika. Wairaqw wakaanza kuteremka: kwanza kuelekea mahali penye mji wa Mbulu wa leo, kisha Dongobesh, Karatu na sehemu za Hanang. Kila walipofika walianzisha aya mpya, wakaweka mipaka, wakamchagua msemaji, wakafanya tambiko la kuikaribisha nchi. Vijana wasiopata shamba vilimani walipata ekari nyingi tambarare. Huko walitumia plau ya kukokotwa na ng'ombe, na baadaye trekta, wakalima mahindi na ngano kwa ajili ya soko.

Kwa hiyo vilima havikuelemewa kwa sababu mbili: kilimo kilikuwa kizuri, na waliozidi walihama. Mwanafunzi asisahau sababu hii ya pili. Aidha, ardhi waliyohamia haikuwa tupu mahali pote. Sehemu kubwa ya Hanang ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na kila shamba jipya lilipunguza njia za ng'ombe wao.

Somo la Basotu

Wabarabaig nao walipatwa na jambo kubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu. Chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, mashamba yaliongezeka mpaka yakawa saba, yenye jumla ya karibu ekari 100,000. Shabaha ilikuwa njema: taifa lijitegemee kwa mkate. Mtaalamu akitazama ramani aliona tambarare isiyolimwa.

Mfugaji aliona jambo lingine. Wabarabaig walihamisha mifugo yao kwa majira kati ya aina mbalimbali za malisho, na ardhi iliyochukuliwa ilikuwa na yale yaliyo bora, waliyoyaita muhajega. Kuondoa malisho ya majira mamoja kuliuvunja mzunguko wa mwaka mzima, kwa maana ng'ombe walirundikana katika sehemu zilizobaki kabla majani hayajapona. Palikuwa pia na makaburi ya wazee wao, bung'eda, ambayo mengine yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu kwa upande wa shirika, kwa kuona kwamba haki ya kimila ya wadai haikuthibitishwa. Katika miaka iliyofuata shirika liliacha kilimo hicho, na mashamba yakabinafsishwa. Baadhi ya ardhi ilirudishwa kwa wananchi. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambazo huilinda haki ya kimila na kumpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Tukiweka Kainam na Basotu ubavu kwa ubavu, tofauti inaonekana wazi. Kainam, waliokata shauri juu ya udongo walikuwa ndio wanaoula mazao yake, na kosa lao liliwarudia wenyewe msimu uliofuata. Basotu, aliyekata shauri alikuwa mbali. Tofauti hiyo ina uzito kuliko tofauti ya kuwa na mfalme au kutokuwa naye.

Hesabu ya mirathi

Sasa tuangalie siku za leo. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 320,279 katika Wilaya ya Mbulu na 275,990 katika Wilaya ya Hanang. Mkoa mzima wa Manyara, uliotengwa na Arusha mwaka 2002, ulikuwa na watu 1,425,131 mwaka 2012, na 1,892,502 mwaka 2022. Ongezeko hilo ni la karibu asilimia 2.9 kwa mwaka. Iko kanuni rahisi: gawanya 70 kwa kiwango cha ongezeko, nawe utapata miaka ambayo idadi itakuwa maradufu. Hapa jibu ni miaka 24 hivi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Babu ana ekari 12 na watoto watatu. Akiwagawia sawa, kila mmoja atapata ekari 4. Kila mmoja wao akiwagawia watoto watatu, wajukuu watapata ekari moja na theluthi. Vitukuu watapata chini ya nusu ekari. Zamani hesabu hii haikufika mwisho wake, kwa kuwa watoto wengine waliondoka kwenda Dongobesh, Karatu au Hanang. Leo Karatu na Dongobesh nazo zimejaa. Kaskazini kuna hifadhi ya Ngorongoro, mashariki kuna hifadhi ya Ziwa Manyara, na misitu ya Nou na Marang ndiyo chemchemi ya maji. Mlango wa kutokea umekuwa mwembamba.

Hapana shaka wengi watapata riziki katika kazi nyingine: ualimu, biashara, ufundi, viwanda. Lakini wale watakaobaki na jembe watalazimika kufanya katika tambarare kile ambacho mababu zao walifanya vilimani, yaani kulima shamba dogo bila kulichosha. Kwa upande huo elimu ya Irqwar Da'aw si kumbukumbu ya kuwekwa katika jumba la makumbusho. Samadi, ukingo wa majani, matuta yaliyokingama na mazao mchanganyiko ni mambo yanayoweza kupimwa, kuboreshwa na kuunganishwa na mbegu bora na mbolea za viwandani. Na lile baraza ambalo halivunjiki mpaka maneno yamekuwa mamoja linaweza kuufundisha mkutano wa kijiji unaopanga matumizi ya ardhi kati ya mkulima na mfugaji.

Kwa walimu na wanafunzi

Uchunguzi wa namna hii unaweza kufanywa karibu na shule yoyote, hata iliyo mbali na Mbulu. Wanafunzi wa jiografia na wapime mteremko wa shamba la jirani, kisha baada ya mvua wachote maji yanayotoka katika shamba lenye ukingo wa majani na katika shamba lisilo nao. Wayaweke katika chupa mbili za kioo na kuyaacha yatulie hadi kesho yake. Unene wa tope chini ya kila chupa utawaonyesha kiasi cha udongo kinachopotea. Wanafunzi wa historia na wawaulize wazee: kabla ya serikali, nani aliamua mipaka ya mashamba hapa, na mkaidi alifanywa nini? Wanafunzi wa hisabati na wafanye hesabu ya mirathi kwa ekari za nyumbani kwao wenyewe.

Majibu yatatofautiana toka kijiji hadi kijiji. Shule ikiyaandika na kuyahifadhi kila mwaka, baada ya miaka 24 watakaokuwa wamekalia madawati hayo hayo, wakati idadi ya watu imekwisha kuwa maradufu, watakuwa na kipimo cha kujua kama kijiji chao kilijiandaa.